Kopo Lake la Bluu

Kopo lenyewe nililinunua mimi. Nililichagua sokoni hapa Uvira, nikalipindua na kuligonga kama mtu anayenunua sufuria ya kuanzia maisha. Plastiki nzito, rangi ya bluu, mfuniko unaokaza vizuri, na mdomo mdogo wa kunywea usiomwaga hata likianguka. Chini yake niliandika herufi ya kwanza ya jina la kijana niliyemnunulia, kwa rangi ya kucha. Nililipenda kopo lile. Nasema hili mapema, kwa sababu ukinisikiliza mpaka mwisho utadhani nilikuwa na nia mbaya na kijana wa watu. Sikuwa nayo. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na uhakika.

Nafanya kazi katika nyumba moja iliyo kati ya barabara kubwa na ziwa. Wanaishi humo vijana tisa wenye ulemavu, wote watu wazima. Tulipoanza kazi tulikalishwa kwenye mafunzo wiki mbili. Tuliambiwa nyumba ni yao, sisi ni wageni tunaokuja asubuhi na kuondoka jioni. Tusiwaite watoto. Tusiamue kitu kabla ya kuwauliza. Kila mmoja ana kaye yake, daftari lenye kurasa tatu kubwa: ninachopenda, nisichopenda, ninachotaka mwaka huu. Mlezi anauliza, kijana anajibu kwa njia yake, mlezi anaandika, kisha anamsomea tena mpaka akubali.

Mafunzo yale niliyameza yote. Nikawa mtu wa kuwasahihisha wenzangu. Mama mpishi wetu, ambaye ana umri wa mama yangu mzazi, akisema, "Batoto bale nini leo?" mimi nilikuwa namkatiza: "Si batoto, mama. Na ubaulize benyewe." Alikuwa ananiangalia tu, anarudi kwenye masufuria yake. Leo nikikumbuka sauti yangu ya siku zile natamani kujifunika uso na kitenge.

Kijana ninayemsema alikuwa na miaka ishirini na minne. Alitoka Luvungi, kwenye familia ya wakulima wa bonde. Tangu kuzaliwa mikono yake hutetemeka na kwenda inakotaka yenyewe, na maneno hayatoki, ila sauti. Akili yake iko sawa kuliko ya wengi wanaomhurumia. Kwenye kigari chake hutembea kinyumenyume, akijisukuma kwa mguu wa kushoto, na hagongi kitu. Kusema ndiyo, anainua macho juu. Kusema hapana, anayafumba. Kwa macho hayo mawili alitusimulia mambo mengi, mradi tu uliyekaa naye uwe na uvumilivu wa kuuliza mpaka ufike.

Baba yake ndiye aliyemleta kwetu, na kila mwezi alikuja kumwona na mkungu wa ndizi begani. Walikuwa wanakaa chini ya mpapai wa jikoni, baba akisema, mwana akiinua macho na kucheka. Kisha baba akafa kwa homa. Alizikwa kabla habari haijatufikia. Kijana hakumwona akishushwa. Siku tulipomwambia alipiga kelele moja ndefu, na wiki nzima hakutaka kufungua macho kwa mtu yeyote.

Mwaka wa msiba ulipokaribia kwisha, baba yake mdogo alituma ujumbe kwamba siku ya kuondoa kilio, ya kufunga matanga, imepangwa. Nilikaa naye na kaye, ukurasa wa ninachotaka mwaka huu. Nikamuuliza kama anataka kwenda. Macho juu, haraka, mara mbili.

"Unataka kuona batu ba kwenu?"

Juu, lakini kivivu, kama mtu anayesema ndiyo, endelea.

"Kusali na bo?"

Akafumba.

"Kula na bo?"

Akafumba tena, akatoa sauti, akanisogelea kwa kigari. Alikuwa ananisubiri niulize swali linalofuata. Nilisikia harufu ya maharagwe, nikaona ni saa ya kugawa chakula, na nina vijana wengine wawili wa kulisha. Nikaandika, "Anataka kwenda kuona familia." Nikamsomea. Hakuinua macho wala hakufumba. Nikafunga kaye.

Maswali manne. Nilikuwa nimebakiza moja tu.

Baada ya hapo akaanza mambo ya mpapai. Jani la papai likianguka, kikonyo chake ni kirefu na kina tundu ndani. Alikuwa anajisukuma mpaka pale, anainama, anashindwa, anainama tena, anaokota kikonyo, anang'oa jani kwa meno. Kisha anakwenda kwenye ndoo ya maji, anatumbukiza upande mmoja, anauma upande wa pili na kuvuta. Mara ya kwanza nilicheka. Maji yalimwingia puani, akakohoa, shati likalowa. Nikamnyang'anya kikonyo, nikamfuta, nikampa kopo lake la bluu. Kesho yake nikamkuta na kingine. Nikakinyang'anya hicho pia. Siku ya tatu alinipigia kelele mpaka direktrisi, mkuu wetu wa nyumba, akatoka ofisini, na mimi nikamweleza kwa upole wa mtu aliyesoma kwamba kijana anaweza kukabwa na maji, ni hatari, tumlinde.

Niliandika kwenye kaye yake: "Anacheza na vikonyo vya papai. Asiachwe." Sikumsomea. Asubuhi nikawa nafagia majani yote chini ya mpapai kabla hajatoka nje, nayatupa nyuma ya ukuta. Wiki mbili hivi nilimshinda kwa ufagio.

Siku ya safari nilimvalisha shati jeupe nililolipiga pasi mwenyewe. Kopo nililiosha kwa maji ya moto, nikaliweka kwenye mkoba wangu pamoja na chupa ya juisi ya maracuja. Mimi ni mtu wa milimani, juu kule nyuma ya Lemera, na wa kanisa lisilogusa pombe. Nilijua kwenye kilio cha watu wa bonde kutakuwa na pombe ya mtama, na nilijiambia kijana wangu hataharibiwa. Ndivyo nilivyosema moyoni, kijana wangu, na mafunzo yote yale kichwani.

Tulipofika Luvungi watu walikuwa wamejaa uani, mabenchi ya kanisa yamepangwa pande zote. Baba mdogo alikuja mwenyewe kutushusha. Ni mzee mwembamba, anasema taratibu.

"Karibu, mama," aliniambia. "Umetuletea mukubwa wetu."

Nilichukua neno hilo kuwa ni adabu tu ya mwenyeji. Ni kweli kijana ndiye mtoto wa kwanza wa marehemu, mdogo wake wa kiume alikuwepo pia, kijana mwenye afya na mikono mipana ya jembe. Lakini sikuwaza zaidi ya hapo. Nilikuwa natafuta kivuli cha kigari.

Katikati ya ua walikuwa wameweka chungu kikubwa cha pombe, kimezungushiwa majani ya migomba shingoni. Maneno yalisemwa kwa Kirundi. Kwa sikio langu si lugha ngeni, niliyafuata yote. Walisema marehemu alikuwa mtu wa shamba na wa amani, kilio kimekwisha, watu wanyoe, walime, waoe. Kisha baba mdogo akatoa mrija mpya wa tete, ule wanaouita muheha, akausafisha kwa kitambaa, akaupitisha ndani ya chungu. Akaushika hapo, amesimama, akamtazama kijana kwenye kigari. Kisha akanitazama mimi.

Naliona jicho lile mpaka leo. Nilidhani linaomba msaada. Nilidhani mzee ameingia kwenye aibu, hajui amfanyeje mlemavu mbele za watu, na mimi ndiye mtaalamu pekee pale uani. Nikasimama.

"Hapana, baba," nilisema, kwa sauti ya kusikika hadi benchi la nyuma. "Yeye hatumiaka muheha. Iko na kopo yake." Nikalitoa kwenye mkoba, nikaliinua waone lilivyo zuri.

Watu wakageuka kulitazama.

"Hata kidogo, mama?" aliuliza mzee.

"Hata kidogo. Itamukaba."

Kijana alikuwa ameinua macho. Aliyainua juu, akayashusha kwenye mrija, akayainua tena juu, tena, tena, mpaka shingo ikatetemeka na kigari kikalia. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Na mimi niliyelipwa mshahara kwa kuyajua macho yale nikawageukia watu na kutabasamu.

"Munaona?" nikasema. "Anakubali."

Mzee aliinamisha kichwa. "Weye njo unamujua," alisema, na moyo wangu ukajaa kwa fahari kama wa mwanafunzi aliyesifiwa na mwalimu. Akageuka, akampa mrija yule mdogo mtu. Mdogo mtu hakuupokea mara moja, alimwangalia kaka yake kwanza. Kisha akapiga magoti kwenye chungu cha baba yao, akanywa. Watu wakapiga makofi, na dada zao wawili wakafuata.

Mimi nilikuwa nimeinama juu ya kigari, namimina maracuja kwenye kopo. Kijana aliuma meno. Juisi ikateremka kidevuni hadi kwenye shati nililolipiga pasi. Akaweka mguu wa kushoto chini, akajisukuma kinyumenyume mpaka mgongo wa kigari ukagusa ukuta wa nyumba ya baba yake, akabaki hapo amefumba macho. Niliwaambia wanawake waliokuwa karibu kwamba ni jua.

Kwenye gari, njia nzima ya kurudi, nilipiga soga na dereva. Nilikuwa nimeridhika. Nilipofika niliandika kwenye kaye: "Amefurahi kuona familia. Amechoka na jua."

Akakataa kopo la bluu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa anakunywa kwa kijiko kutoka kwa mama mpishi tu, na mimi nikiingia chumbani alikuwa anageuza kigari uso kwenye ukuta. Nilikasirika, sitaficha. Nilisema mtu amepelekwa kwao kwa heshima yote, sasa analeta vituko. Nikaenda jikoni kulalamika. Mama mpishi naye ni mtu wa bonde. Alikuwa anachambua ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye ungo, akaniuliza safari ilikwendaje hasa, na mimi nikamsimulia vizuri, na lile jibu langu kwa mzee nikalirudia neno kwa neno.

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Ulimupatia kopo yake? Mbele ya batu bote?"

"Ndiyo, mama. Ile chungu angeikunywea namna gani?"

"Mama yangu weee." Aliuweka ungo chini. "Sikiliza. Kwetu, mutu mwenye banatenga njo banamupatiaka kopo yake peke. Mwenye habataki kinywa yake ifike pahali kinywa yabo inafika. Mutoto wa nyumba anakunywa ku chungu na bengine. Na ile siku ya kuondoa kilio, mukubwa njo anaanza. Pale njo bazee banaonyesha nani baba aliacha mu nafasi yake."

Nilitaka kujitetea, na nilijitetea. Nilimwambia kwetu milimani mambo ni kinyume. Baba yangu alikuwa na chombo chake cha mti cha kunywea maziwa, na hakuna aliyethubutu kukigusa, hata mama. Kuwa na chombo chako mwenyewe ni kuheshimiwa. Mimi nilimpa kijana kile ambacho kwetu anapewa baba.

"Kwenu," alisema mama mpishi. "Yeye ni wa kwenu?"

"Minye sikujua, mama."

"Yeye alijua. Haukumuuliza?"

Mama mpishi akaokota ndagala mmoja, akamtupa, akasema bila kuniangalia: "Na bile vikonyo bya papai. Kwetu batoto banajifunziaka muheha na ile. Minye nilizani unajua, njo maana unamukatalia."

Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni. Masikio yalikuwa yananiwaka. Nilimwona kijana ameinama pale chini ya mpapai, anashindwa, anainama tena, maji puani, siku baada ya siku, peke yake, akijifundisha mdomo wake kazi moja ili asimwaibishe baba yake. Na nikajiona mimi na ufagio. Nimewahi kuona aibu maishani, nimewahi kuanguka matopeni na nguo ya kanisa, lakini hiyo unaicheka baadaye. Hii sijaicheka.

Nilikwenda kwake. Nilikaa sakafuni ili macho yangu yawe chini ya yake.

"Vile vikonyo. Ulikuwa unajifunza muheha?"

Aliugeuza uso kidogo kutoka ukutani. Kisha akainua macho.

"Kwa chungu ya baba?"

Akainua tena. Sikuwa na swali lingine. Nilimwomba msamaha, na kwa hilo hakunipa jibu la juu wala la chini.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Luvungi peke yangu. Nilijiambia nitaeleza, wazee watakaa tena, jambo litarekebishwa. Baba mdogo alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuwa nimeshika muheha mu mukono, mama," alisema. "Bazee bengine balisema hataweza, tusipoteze wakati. Minye nilibakatalia. Nilibaambia tutamujaribisha. Akishindwa, anashindwa mbele yetu, ni mutoto wetu, nani atacheka? Nilikuwa ninamupa. Halafu weye ulisimama."

"Mungenikatalia, baba."

"Unatoka mu nyumba yenye inamuchunga. Uko na masomo. Ulisema hata kidogo. Minye ni nani wa kusema unasema uongo?"

Niliomba waite watu upya. Alitikisa kichwa, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. Pombe ya baba yao imekwisha kunywewa, alisema, na mdogo mtu amekwisha kukaa pale alipokaa. Kilio cha mtu mmoja hakiondolewi mara mbili. Mwaka ujao mdogo mtu ataoa, kutakuwa na chungu tena, na kaka yake ataitwa kama ndugu. "Lakini ile ya baba yake," alisema, "haiko tena." Alinisindikiza hadi barabarani na kunipa ndizi za kumpelekea, za migomba ya marehemu.

Nilimweleza kijana yote, sikuacha hata neno. Nilimfungulia kaye, nikafuta mbele yake ile mistari miwili niliyoiandika bila yeye, ya vikonyo na ya jua, nikaandika ukweli, nikamsomea. Aliinua macho kukubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nilipomuuliza ni nani anataka aende naye kwenye ndoa, nilitaja walezi wote mmoja mmoja, jina langu likawa la mwisho. Alikubali mama mpishi. Kwangu alifumba.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula, nilifanya kile nilichokifikiria wiki nzima. Nilijaza juisi ya maracuja kwenye chungu cha kupikia maharagwe, kilichosuguliwa hadi kikang'aa. Nilikata vikonyo vibichi vya papai, nikavisafisha ndani kwa maji, nikavipanga. Nikakiweka chungu kwenye kigoda chini ya mpapai, nikamwita yeye, mama mpishi, na vijana wengine wawili waliotaka. Nilimpa yeye kikonyo cha kwanza, mdomoni, kama anavyopewa mkubwa. Akakiuma. Mama mpishi akatia chake, vijana wakatia vyao, wanacheka. Nami nikachukua kimoja, nikasogea.

Akafumba macho.

Nilisimama na kikonyo changu mkononi. Akakitema chake mapajani, akaweka mguu wa kushoto chini, akaenda kinyumenyume mpaka kwenye meza ya vyombo mlangoni pa jikoni. Tulisikia vitu vikianguka. Aliporudi alikuwa amebana kopo la bluu kati ya kiwiko na kifua. Alikuja mpaka magoti yake yakagusa magoti yangu, akaulegeza mkono, na kopo likaniangukia mikononi, mfuniko umekaza vizuri.

Nilimwangalia mama mpishi, naye akaangalia chungu. Kisha akanyanyuka, akafungua mfuniko, akanichotea kwa upawa, akafunga, akarudi kukaa.

Nikanywa. Ule mdomo mdogo unatoa kidogo kidogo, lazima uinue kidevu juu na kunyonya, na watu wanaona koo lako. Sikuwa nimewahi kulijaribu. Yeye aliniangalia mpaka nilipomaliza lote. Kisha akamwinamia mama mpishi arudishiwe kikonyo chake, akakiuma, akakitia ndani ya chungu pamoja na vya wenzake, akavuta. Hakumwaga wala hakukohoa.